Riviu: kipimo cha haraka cha malaria, na yale maneno ya kwenye karatasi ya majibu yametokea wapi

Wadau habari zenu. Leo nariviu kile kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, kale kakaseti keupe ka plastiki wanakodondoshea tone la damu afu mnakaa kwenye benchi mnasubiri mistari itokee. Mitandaoni nakuta riviu za simu, za blenda, za lodge, ila hiki kitu ambacho huku kwetu Tanga sidhani kama kuna nyumba hakijawahi kumpima mtu hakuna anaekiongelea, na mi naona kinastahili, tena kwa urefu. Nasema mapema kwamba nitakaa sana kwenye maneno, kwasababu ile karatasi ya majibu imejaa maneno ambayo wengi tunayakunja tunatia mfukoni bila kuuliza, malaria, P.f, ring, parasitemia, na ukishajua yametokea wapi ndo unaelewa kipimo kinatafuta nini mwilini na kwanini usimeze dawa kabla hakijasema.

Kwa wenye haraka: nyota nne kati ya tano. Kinafanya kazi, ni cha haraka kweli, hakihitaji umeme wala hadubini, na kwenye zahanati ya serikali tuliyopima sikutoa hela. Nyota moja nimeikata kwasababu hakikwambii vimelea ni vingi kiasi gani, na kwasababu kinaweza kuendelea kusema ndiyo hata mtu akishapona, hilo nitalieleza vizuri chini maana limewahi kutusumbua nyumbani.

Kinavyotumika. Mhudumu anatoboa kidole kwa kisindano kipya, na hapo macho yako yawe pale pale uone pakiti ikifunguliwa mbele yako, anachota damu kidogo sana, anaiweka kwenye kashimo ka kwanza, anadondosha yale maji ya dawa wanayoyaita bafa kwenye kashimo kengine, afu mnasubiri dakika 15 mpaka 20 kutegemea na aina ya kipimo. Damu inatembea kwenye karatasi iliyo ndani. Kwenye hiyo karatasi zimebandikwa kingamwili ambazo zinanasa protini inayotolewa na kimelea chenyewe, kwenye vipimo vingi vya huku protini hiyo inaitwa HRP2, ikinaswa tu mstari unajichora kwenye herufi T. Mstari wa C ni wa kuonyesha kwamba kipimo chenyewe kizima, lazima utokee kila mara, na C isipotokea hayo sio majibu, hata kama T imewaka, waambie wafungue kaseti nyingine. Hakuna cha ziada, hata mtu ambae hajasomea maabara akifundishwa vizuri anakiweza, ndo maana kimefika mpaka zahanati za vijijini kabisa ambako hadubini ingekaa kabatini kwa kukosa mtu wa kuitumia.

Sasa angalieni hapo, kipimo kinatafuta kitu kwenye damu. Hakitafuti kwenye pumzi, hakiulizi kama ulilala dirisha wazi au ulinyeshewa na mvua. Lakini jina la ugonjwa wenyewe linasema hewa! Malaria ni Kiitaliano, mala aria, hewa mbaya. Limetokea Roma na yale maeneo yanayoizunguka, kusini mwa mji kulikuwa na vinamasi vikubwa vya Pontino, na watu waliolala karibu navyo majira ya joto waliugua homa ya kutetemeka na kufa, kizazi kwa kizazi, mpaka ikawa imani ya kila mtu kwamba ile harufu ya maji yaliyooza ndo inayoua. Na sio wakulima tu, madaktari wasomi nao walikuwa na nadharia nzima ya hewa chafu iliyotokea kwa Wagiriki wa kale. Waingereza wakalichukua neno karne ya 18, kabla ya hapo wao walikua wanasema ague, ambalo nalo wamelitoa kwa Wafaransa na maana yake ni homa kali. Wafaransa wenyewe wakashika njia nyingine wakasema paludisme, kutoka neno la Kilatini palus, kinamasi, ndo maana ukiongea na ndugu zetu wa Goma au Lubumbashi utawasikia wanasema wana palu. Yani Mkongo anasema ana kinamasi, Mtanzania anasema ana hewa mbaya, na wote wawili wana kimelea kile kile.

Mi siwacheki hao Waitaliano hata kidogo. Waliona kitu cha kweli, kwamba penye maji yaliyotuama na usiku wa joto homa inakuja, na ukihamia mlimani inapungua. Waliofunga madirisha jioni kuzuia hewa mbaya walikuwa wanazuia mbu bila kujua. Kilichokosekana ni mtu wa kuangalia damu. Akatokea daktari wa jeshi la Ufaransa, Alphonse Laveran, akiwa kazini Algeria mji wa Constantine, tarehe 6 Novemba 1880 akachungulia damu ya askari mgonjwa akaona viumbe vyenye mikia vinachezacheza, hai kabisa. Wengi hawakumuamini mwanzoni, ila mwaka 1907 akapewa Nobel. Katikati hapo daktari wa jeshi la Waingereza, Ronald Ross, akiwa India, Secunderabad, tarehe 20 Agosti 1897 akakuta vimelea kwenye tumbo la mbu, na mwaka uliofuata Giovanni Battista Grassi na wenzake kule Italia wakathibitisha kwamba ni mbu anofelesi ndo anaemwambukiza binadamu. Kwaio mpaka mwaka 1898 hewa ilikua imeshaachiliwa huru kabisa, ila jina lilikua limeshazoeleka, halikubadilishwa, na ndo tunalo mpaka leo kwenye kila karatasi ya majibu.

Hilo jina la anofelesi nalo ni la ajabu, ni Kigiriki, maana yake asiye na faida. Alipewa na Mjerumani mmoja, Johann Meigen, mwaka 1818, miaka 80 kabla hajajulikana anabeba nini.

Sisi je? Neno letu la kawaida ni homa, tumelipata kwa Waarabu, kwao ni humma, na linasema joto la mwili tu basi. Halikwambii limetokana na nini. Malaria ni homa, mafua ni homa, kidonda kikioza ni homa, na mpaka leo mtu akiamka na mwili umechoka anakwambia nina malaria wakati alichonacho kwa uhakika ni homa. Hapo ndo naona kazi kubwa ya hiki kipimo. Na zamani Waswahili walikua na neno lingine zuri mno ambalo vijana wengi wa sasaivi hawalijui, mkunguru. Mkunguru ni homa inayomkamata mtu akifika sehemu ngeni, kabla mwili haujazoea pale. Bibi yangu mzaa mama alikuwa analitumia kwa mtu aliyetoka bara ya baridi akashuka pwani, anasema "muacheni, ana mkunguru huyo, pwani haijamjua." Sasa fikirieni, hilo neno halisemi hewa wala kinamasi, linasema ugeni, na ndivyo ilivyo kweli, maana mtu aliyekulia kwenye malaria nyingi anakuwa na kinga fulani, anaweza kutembea na vimelea kwenye damu asijisikie chochote, ila mgeni wa kutoka Njombe au Arusha vikimuingia vinamlaza. Wazee wetu waliona kinga kabla ya maabara. Mi nikisoma habari za mala aria ya Roma naona mkunguru umewazidi kwa uangalizi.

Kuna na degedege. Mtoto mdogo homa ikimpanda sana anakakamaa, macho yanageuka, na sehemu nyingi za pwani watu walilihusisha na dege, kiumbe kinachopita juu usiku kikamtia mtoto mshtuko, kwaio mtoto akipatwa anapelekwa kwa mganga kwanza. Nalisema hili kwa uchungu kwasababu degedege mara nyingi ni ile malaria kali, ile tunayosema imepanda kichwani, na mtoto wa hivo kila saa inayopita ina maana. Jina likikwambia ugonjwa umetoka angani utamtafuta mtu wa kuongea na mambo ya angani. Ukijua upo kwenye damu utakimbia panapopimwa damu. Kama unasoma hapa na mtoto amepatwa na degedege acha kusoma, nenda hospitali.

Turudi kwenye karatasi. Yetu iliandikwa hivi: mRDT positive, P.f. Hiyo P.f ni Plasmodium falciparum. Plasmodium limetoka kwenye Kigiriki plasma, kitu kilichofinyangwa, na waliolitoa ni Waitaliano wawili, Ettore Marchiafava na Angelo Celli, mwaka 1885, walidhani kinafanana na vile viumbe vya ute ute vinavyoota kwenye magogo yaliyooza ambavyo vilikua tayari vinaitwa hivo. Kumbe havihusiani kabisa, ila jina limebaki, naona huu ugonjwa umelaaniwa kupewa majina ya makosa. Falciparum limekaa sawa zaidi, falx ni mundu na parere ni kuzaa, yani kinachozaa mundu, kwasababu hatua yake moja, ile ambayo mbu anaifuata kwenye damu yako ili akaambukize mwingine, ukiiangalia kwenye hadubini imepinda kabisa kama mundu wa kuvunia mpunga. Ndo kimelea kinachoua zaidi na ndo kilichojaa huku Afrika. Wapo wengine, vivax, ovale, malariae, na kaseti zenye mistari mitatu zinawakamata hao pia kwa protini nyingine, ila za mistari miwili nyingi ni za P.f tu, kwaio muulize mhudumu mna hiyo ipi.

Sasa neno ninalolipenda kuliko yote, parasitemia. Sikulikuta kwenye mRDT, nililikuta kwenye majibu ya BS, ile ya hadubini, tulipoenda maabara ya binafsi. Limeungwa kutoka vipande viwili vya Kigiriki, parasitos na haima. Haima ni damu, hiyo emia ya mwisho utaikuta na kwenye anemia, upungufu wa damu, na lukemia, saratani ya damu. Ila parasitos ndo lina utamu. Para ni kando, sitos ni nafaka au chakula, parasitos ni yule anaekaa kando ya chakula cha mwenzie. Zamani kule Athens ilikua cheo kabisa cha heshima, watu waliochaguliwa kula pamoja na makuhani ile nafaka ya hekaluni. Baadae kwenye michezo yao ya kuigiza akageuka kuwa yule mtu anaejipeleka kwenye nyumba za matajiri saa ya kula, anasifia sifia ili apakuliwe. Sisi tunae, anaitwa mdoezi! Kudoea ndo huko huko. Wanasayansi walivyokuja kuchukua lile neno kwa ajili ya minyoo na vijidudu walikua wanasema hivi, huyu ni mdoezi anakula kwako.

Lakini Kiswahili hakikulitafsiri hivo, kimesema kimelea. Kimetokana na kumea, kumelea ni kuota juu ya kitu kingine, kama ile mimea inayoota kwenye tawi la mwembe. Mgriki akaona meza, sisi tukaona mti. Na kwa malaria naona la kwetu limelenga zaidi, kwasababu mdoezi anakula anaondoka, ila hiki kinaingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, kinakula ile hemoglobini, kinakua pale pale, kinagawanyika, kinaipasua chembe na watoto wake wanatoka kwenda kuingia kwenye chembe nyingine. Kile kipindi cha kupasuka kwa pamoja ndo unapata baridi ya kutetemeka afu joto afu jasho. Mwanasayansi wa Italia, Camillo Golgi, ndo alioanisha homa na kupasuka kwa chembe, miaka ya 1885 na 1886. Kwaio parasitemia kwa Kiswahili chetu ni kuwa na vimelea kwenye damu, na ikiandikwa na namba ni wingi wake.

Na hapa ndo nyota ya mRDT inapoanguka. Mstari wa T hauna namba. Watu wanaangalia mstari mzito wanasema malaria nyingi, mstari mwepesi malaria kidogo, hapana jamani, mstari hata ukiwa hafifu vipi ni positive tu na hausomwi kwa uzito. Ukitaka wingi lazima BS. Pale wanatandaza tone la damu kwenye kioo, wanapaka rangi ya Giemsa, wanaangalia. Huyo Giemsa, Gustav Giemsa, alikua mfamasia wa Kijerumani, na kabla ya kutengeneza hiyo rangi kule Hamburg mwaka 1904 alifanya kazi huku huku kwetu, Afrika Mashariki ya Kijerumani, kuanzia 1895 mpaka 1898. Hadi leo maabara zinamtaja kila siku bila kujua kwamba alishaishi huku.

Kwenye BS ndo yale maneno ya mtaani yanapotokea, "nimekutwa na malaria tano", "ana ring tatu", "mama amekutwa na plasi mbili". Dada wa maabara nilimuuliza moja kwa moja, nikamwambia dada yangu mi naomba unielezee hizi ring na hizi plasi, akaacha kazi yake dakika chache akanieleza, na kwa hilo ile maabara naipa tano kamili japo jina sitaji. Akasema: "Kaka, ring ni umbo. Kimelea kikiwa kichanga ndani ya chembe nyekundu kinaonekana duara la bluu lenye kitone chekundu, pete yenye kito. Ukiambiwa ring ujue wameona vichanga." Plasi nazo zina utaratibu wake sio mtu anaotea. Plasi moja ni vimelea 1 mpaka 10 kwenye maeneo 100 ya hadubini, eneo ni ile sehemu unayoiona ukichungulia mara moja, plasi mbili ni 11 mpaka 100 kwenye maeneo hayo hayo 100, plasi tatu ni 1 mpaka 10 kwenye kila eneo moja, plasi nne ni zaidi ya 10 kwenye kila eneo. Kwaio kutoka plasi mbili kwenda tatu sio kuongeza moja, ni kuruka mbali sana. Ukisikia mtu anasema "plasi tatu tu" muwahishe.

Na wanaotaka namba yenyewe wanahesabu vimelea huku wanahesabu na chembe nyeupe, zikifika 200 wanaacha, wanachukua idadi ya vimelea wanazidisha kwa 8,000, ambayo ndo makadirio ya chembe nyeupe kwenye maikrolita moja, wanagawanya kwa 200. Vikihesabiwa 50 inamaanisha vimelea 2,000 kwenye maikrolita moja ya damu, na maikrolita ni katone kadogo kuliko unavyoweza kufikiria. Hiyo ndo parasitemia. Ikizidi asilimia 10 ya chembe nyekundu kwa falciparum Shirika la Afya Duniani linahesabu ni malaria kali hata kama mgonjwa anaongea na kutembea. Hii "malaria tano" ambayo haijasema tano ya nini, kwenye maeneo mangapi, mi siielewi na nashauri usiipokee, muulize aliyekuandikia tano ya nini, ana wajibu wa kujibu.

Kasoro ya pili, na hii ndo ilitusumbua. Mwanangu alitibiwa, akameza mseto wote, ile dawa ya malaria, dozi sita siku tatu, tena na chakula chenye mafuta mafuta kidogo maana lumefantrine iliyomo inaingia vizuri ikiwa na mafuta, akapona akarudi shule. Wiki ya pili homa ikarudi. Tukaenda kituo kingine, mRDT, positive. Wakataka kurudia dawa zile zile hapo hapo. Mama mkwe akasema "baba, dawa mlizopewa zilikua feki, huyu malaria haijatoka." Ndo tukaenda kwa yule dada wa maabara akapima BS, hakuna kimelea hata kimoja. Akamwambia mama mkwe kwa heshima kabisa: "Mama, shikamoo, dawa haikua feki. Kile kipimo kinanasa protini, na protini inabaki kwenye damu wiki kadhaa vimelea vikishakufa. Kinaona mabaki." Kumbe mtoto alikua na maambukizi ya njia ya mkojo. Kwaio mliotibiwa karibuni mkipata homa tena msiridhike na kaseti ya HRP2, ombeni hadubini. Wahudumu wengi hawaulizi kama mgonjwa ametibiwa malaria mwezi huu, wambieni wenyewe.

Upande wa pili, kuna wakati kipimo kinasema hapana na malaria ipo. Vimelea vikiwa vichache sana, chini ya 200 hivi kwenye maikrolita, kinaweza kisione. Na kuna vimelea ambavyo vimepoteza ile jeni ya kutengeneza HRP2, viligundulika kwanza Peru, baadae vikaonekana vingi Eritrea na Ethiopia, mpaka Eritrea ikabidi wabadilishe aina ya kipimo. Hiyo haimaanishi mkidharau, inamaanisha homa ikiendelea siku moja mbili zaidi na jibu ni hapana, rudi upimwe tena na waangalie na vingine.

Ila kitu kinachoniuma kuliko kasoro za kipimo chenyewe ni namna tunavyokitumia. Nimeshuhudia kituo kimoja wanasoma majibu dakika ya tano. Nimeshuhudia jibu limetoka hapana na bado mgonjwa anaandikiwa mseto "kwa usalama". Sasa kama utaandika malaria hata kipimo kikikataa, umempima ya nini? Umerudi Roma ile ya hewa mbaya, unaita jina bila kuangalia damu. Tuliambiwa kwenye redio na mabango kwamba sio kila homa ni malaria na mi naona ile ni kampeni ya maana kuliko nyingi nilizowahi kusikia, kwasababu mwaka 2008 watoto chini ya miaka mitano waliokutwa na vimelea Tanzania walikua asilimia 18 na kufika 2017 imeshuka mpaka 7 hivi, maana yake homa nyingi za sasaivi ni kitu kingine. Dar ilipata homa ya dengi 2014 na tena 2019, na ukimpa mtu wa dengi mseto haimsaidii kitu, na muda unakwenda.

Wengine watauliza mbona zamani tulimeza tu bila kupima. Ndio, zamani ilikua klorokwini, waliokunywa wanakumbuka ule muwasho wa mwili mzima usiku kucha, na ilipimwa wapi, homa tu kidonge. Vimelea vikazoea. Mwaka 2001 tukahamia dawa ya SP, sulfadoxine na pyrimethamine, nayo ikachoka haraka, mwaka 2006 sera ikabadilika tukaja kwenye mseto, artemether na lumefantrine. Hiyo artemether inatokana na mmea wa Kichina Artemisia annua, aliyewezesha ni mwanasayansi wa huko China, mama Tu Youyou, akapewa Nobel ya 2015. Dawa hii tukiichezea kwa kumpa kila mwenye homa sijui tutahamia wapi, kwaio kaseti ya dakika 20 mi naihesabu kama ulinzi wa dawa.

Mambo madogo madogo. Pakiti ya kaseti lazima iwe imefungwa na ifunguliwe wakati wa kupima sio ikae wazi mezani, tarehe ya mwisho ipo nyuma, soma. Joto linakiharibu, kwaio ukiona maboksi yamepangwa dirishani jua linapiga, tafuta kwingine. Karatasi ya maelekezo niliyoiona ndani ya boksi ilikua na lugha nne na Kiswahili hakikuwepo, na hili naliomba kwa moyo wote kwa wanaoagiza hivi vitu, tafadhali waambieni watengenezaji waongeze Kiswahili, wanaovitumia kila siku ni watu wetu.

Bei: serikalini tulipima bure, maabara ya binafsi BS niliilipia elfu tatu na risiti nikapewa. mRDT nyota nne, BS ikiwa na mtu anaejua kuhesabu nyota tano, BS ya "malaria tano" isiyo na maelezo nyota moja. Kama mna mtoto mwenye homa usiku wa leo anzeni na kaseti maana ndo ya haraka, subirini dakika zake zote zitimie, na kama alitibiwa malaria wiki chache nyuma semeni mlangoni kabla hawajafungua pakiti. Maswali mengine wekeni hapo chini, ya dawa waulizeni wataalamu, ya maneno nitajibu mwenyewe.